Kidonge cha Jumatatu: maswali yenu kuhusu dawa za mifupa na misuli

Safari hii barua nyingi zimehusu dawa za mifupa, viungo na misuli. Katika nyingi dawa ni sahihi, ila siku, saa au namna ya kuimeza ndiyo iliyokosewa. Tumeanza na ile inayorudi kila mara.

SWALI: Mama yangu ana miaka 71. Mifupa yake imedhoofika, amepewa alendroneti ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki. Hukimeza alfajiri kwa chai ya maziwa, kisha anarudi kitandani. Kifua kinamwaka moto hadi jioni. Je, aache?

JIBU: Kidonge kijacho asikimeze mpaka aonane na daktari wake. Kiungulia kipya, maumivu nyuma ya mfupa wa kifua, au chakula kukwama akimeza, ni dalili kwamba umio unachubuka, na akiendelea hivyo unaweza kufanya kidonda. Msiogope pengo la wiki moja au mbili. Dawa hii ikishaingia kwenye mfupa hukaa humo miaka.

Barua yako yenyewe imetaja makosa mawili. La kwanza ni chai. Hata kwa mtu anayefuata masharti yote, mwili hufyonza chini ya asilimia 1 ya kidonge hiki. Kahawa au maji ya machungwa hukata hicho kidogo kwa takribani asilimia 60, na maziwa hayana nafuu kwa sababu kalsiamu yake huikamata dawa tumboni isipite. Kwa hiyo mama amekuwa akipata kiungulia bila kupata dawa. La pili ni kurudi kulala: kidonge hupanda au kukwama kwenye umio na kuunguza pale pale kilipogusa.

Daktari akikubali aendelee, utaratibu ni huu. Achague siku moja ya wiki, tuseme Jumatatu. Akiamka, kabla ya kutia chochote kinywani, ameze kidonge kizima kwa glasi nzima ya maji ya kawaida, si chini ya mililita 200. Maji ya chupa yenye madini mengi hayafai. Asikitafune wala kukimumunya. Kisha akae wima, asimame au atembee kwa dakika 30 kamili, na asilale mpaka awe amekula. Kifungua kinywa, vidonge vya kalsiamu, dawa ya kiungulia na dawa nyingine zote zingoje dakika hizo ziishe. Asikimeze usiku wakati wa kulala, hata akisema ndipo anapokumbuka.

Akisahau Jumatatu, ameze asubuhi inayofuata baada ya kukumbuka, halafu arudi kwenye Jumatatu yake. Asimeze viwili siku moja.

Mgonjwa asiyeweza kukaa wima nusu saa, au mwenye umio uliobana, hafai kupewa kidonge hiki kabisa. Mlezi alitamke hilo kliniki, maana kwenye kiti cha daktari kila mgonjwa huonekana amekaa vizuri. Ipo dawa ya jamii hiyo hiyo inayotolewa kwa dripu mara moja kwa mwaka. Muuguzi naye, kabla ya dozi ya kwanza, athibitishe kwamba kalsiamu ya damu haiko chini, vitamini D inatosha na figo zinafanya kazi. Meno yaangaliwe mapema, kwa sababu kung'oa jino ukiwa kwenye dawa hizi kunaweza, mara chache, kufuatiwa na mfupa wa taya kutopona. Na maumivu mapya ya paja au kinena, hata bila kuanguka, yapigwe picha: baada ya miaka mingi ya dawa, mfupa wa paja huweza kupata ufa usio wa kawaida. Ndiyo maana ifikapo miaka 5 daktari hupima upya kama kuna haja ya kuendelea.

SWALI: Mimi ni muuguzi mpya kwenye kliniki ya viungo. Wagonjwa wa baridi yabisi wanapewa methotreksati. Nifundishe nini kwanza?

JIBU: Kwamba ni mara moja kwa wiki. Mengine yote yanafuata. Watu wamekufa kwa kumeza kila siku dozi iliyoandikwa ya wiki, na wengi wao walifuata kwa uaminifu kile walichodhani wameambiwa. Lebo inayosema "1 x 1" husomwa "kimoja, kutwa mara moja", basi. Andika siku kwa herufi kamili, "kila Jumatano tu", na andika idadi ya vidonge pamoja na miligramu. Vipo vya miligramu 2.5 na vya 10, na vinafanana. Mgonjwa apewe vya nguvu moja tu. Aliyezoea vinne vya 2.5 akipewa vinne vya 10 atakuwa amemeza miligramu 40.

Usimuulize mgonjwa "umeelewa?" Atasema ndiyo, kwa heshima. Mwambie: "Mama, nieleze utakavyoimeza ukifika nyumbani." Hapo ndipo utasikia kosa. Kama macho yake ni hafifu, anayemsaidia nyumbani awepo.

Mgonjwa huyo huyo hupewa asidi ya foliki kupunguza vidonda vya mdomo, kichefuchefu na madhara ya ini. Ratiba iliyo rahisi kukumbuka ni miligramu 5 mara moja kwa wiki, siku tofauti na ya methotreksati. Tatizo ni kwamba mara nyingi vidonge vyote viwili ni vidogo na vya manjano. Vikae kwenye vichupa tofauti, vyenye majina makubwa, mbali na kisanduku cha dawa za kila siku.

Akisahau, anaweza kumeza ndani ya siku 2. Zikipita, aache mpaka wiki ijayo. Mwambie pia nafuu huja baada ya wiki 6 hadi 12, la sivyo wiki ya tatu atakata tamaa au ataongeza dozi mwenyewe.

Damu hupimwa mara kwa mara mwanzoni, kila wiki 2 hadi 4, kisha takribani kila miezi 3 hali ikitulia: chembe za damu, ini na figo. Kati ya vipimo, mgonjwa ndiye mlinzi. Vidonda mdomoni, homa au koo kuuma, michubuko isiyo na sababu, macho ya manjano, kikohozi kikavu chenye kubanwa pumzi: asimeze dozi inayofuata, aje siku hiyo hiyo. Akitapika au kuharisha sana, vilevile aisimamishe na kupiga simu, kwa kuwa mwili ukikauka figo hushindwa kuitoa. Asipewe antibiotiki za kotrimoksazoli wala trimethoprimu. Zikiungana na methotreksati huzima uboho, yaani kiwanda cha damu ndani ya mfupa. Pombe aiweke kando. Mimba haitakiwi kabisa, na anayepanga kupata mtoto aseme miezi kadhaa kabla. Mlezi asivunje wala kusaga vidonge.

Na ukigundua mtu ameimeza kila siku, usimwambie asubiri aone. Apelekwe hospitali leo, hata kama anajisikia mzima. Ipo dawa ya kuokoa, na hufaa zaidi ikiwahi.

SWALI: Nina gauti. Wiki mbili zilizopita nilianza alopurinoli, na sasa kidole gumba cha mguu kimevimba kuliko mwanzo. Dawa imenikataa?

JIBU: La. Asidi ya yuriki ikianza kushuka kwenye damu, fuwele zilizoganda kwenye kiungo huanza kumeguka, na kumeguka huko ndiko kunakoamsha uvimbe. Usisimamishe alopurinoli kwa sababu ya shambulio. Ukiacha na kuanza tena unajitafutia mashambulio zaidi. Muulize daktari kuhusu kinga ya miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, kwa kawaida kolchisini ya miligramu 0.5 mara moja au mbili kwa siku. Kuharisha ukiwa kwenye kolchisini maana yake dozi imezidi, na ikichanganywa na antibiotiki ya klarithromisini inaweza kuwa sumu.

Alopurinoli huanzwa na miligramu 100 kwa siku, au pungufu figo zikiwa dhaifu, kisha hupandishwa polepole mpaka asidi ya yuriki iwe chini ya miligramu 6 kwa desilita ya damu. Kipimo hicho ndicho cha kufuatilia, kuliko maumivu ya kidole. Meza baada ya chakula, kunywa maji ya kutosha.

Lakini ukitokwa na upele, hata mdogo, acha dawa siku hiyo hiyo na uende kuonwa. Hilo halina mjadala, hasa katika miezi miwili ya kwanza. Na kama unatumia azathioprini, dawa ya kushusha kinga ya mwili, mwambie daktari kabla ya kidonge kingine.

SWALI: Kaka yangu aliumia uti wa mgongo. Anameza baklofeni miligramu 20 kutwa mara tatu kwa ajili ya misuli kukakamaa. Anasinzia mchana kutwa na anataka kuitupa.

JIBU: Asiitupe ghafla. Baklofeni ikikatwa kwa mara moja, ndani ya siku 1 hadi 3 misuli hukaza kwa hasira, homa hupanda, mtu huona vitu visivyokuwepo, na anaweza kupata kifafa. Hupunguzwa hatua kwa hatua, wiki 1 hadi 2 au zaidi, kwa maelekezo ya daktari. Kwa sababu hiyo hiyo, akafuate dawa nyingine vikiwa vimebaki vya wiki nzima.

Usingizi huwa mkali siku za mwanzo na kila dozi inapoongezwa. Ndiyo maana huanzwa na miligramu 5 mara tatu kwa siku na kupandishwa kila baada ya siku 3. Kama dozi haijabadilika na usingizi umeanza sasa, figo zipimwe, maana ndizo zinazoitoa. Asiendeshe gari, asinywe pombe, na ainuke kitandani taratibu. Mtazame akisimama: kuna wagonjwa wanaosimama kwa msaada wa huo huo ukakamavu, na dawa ikiulegeza kupita kiasi magoti hukunjika.

Ukakamavu ukiongezeka bila sababu, kabla ya kuomba dozi kubwa tafuteni kinachouchochea. Kibofu kimejaa? Choo kimefunga? Kuna kidonda cha kulalia, au ukucha uliozama nyamani? Hapo muuguzi mzuri hufanya kazi kuliko kidonge.

SWALI: Vidonge vya kalsiamu nimeze saa ngapi? Natumia pia dawa ya tezi ya shingo.

JIBU: Dawa ya tezi asubuhi, tumbo likiwa tupu, kalsiamu angalau saa 4 baadaye. Kalsiamu kaboneti iende na chakula, isizidi miligramu 500 kwa mara moja, kwa sababu mwili haufyonzi vizuri zaidi ya hapo.

SWALI: Mgongo unauma. Nameza ibuprofeni, jirani kanipa diklofenaki niongezee. Nina presha. Au nichome sindano ili tumbo lisiumie?

JIBU: Usizichanganye. Ni jamii moja: unaongeza vidonda vya tumbo bila kuongeza nafuu. Unachoweza kuongeza ni parasetamoli, isiyozidi gramu 4 kwa siku, na pungufu ya hapo kama ini lina matatizo au mwili ni mwembamba.

Sindano hailikwepi tumbo. Dawa hizi hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo zikiwa tayari kwenye damu, iwe zimepita mdomoni au kwenye nyama. Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukitapika kitu kama machicha ya kahawa, nenda hospitali mara moja.

Kuhusu presha, ibuprofeni na diklofenaki zote huipandisha. Ikiwa dawa zako ni enalaprili au losartani pamoja na ya kukojoza, kuongeza mojawapo ya hizi kunaweza kuangusha figo, hasa siku unazotapika au kuharisha. Peleka pakiti zako zote kwa mfamasia, pamoja na ile ya jirani. Dawa ya kupaka huingia kwenye damu kidogo zaidi, muulize kama itakufaa. Na kama maumivu ya mgongo yanakuja na ganzi sehemu za siri, mguu kukosa nguvu au mkojo kugoma kutoka, achana na vidonge, nenda kwenye idara ya dharura usiku huo huo.