Ile Homa ya Mimba Yako

Mwanangu,

Umeniuliza kama homa niliyougua nikiwa na mimba yako, na baba yako kuondoka ulipokuwa na miaka 14, ndiyo mambo yanayokufanya leo usome ukurasa mara tatu ndipo ukae kichwani. Sitakuambia yaliyopita si ndwele. Umeuliza ukiwa na mimba yako mwenyewe, kwa hiyo nitakujibu yote ninayoyajua.

Homa niliugua kweli, mwezi wa tano wa mimba. Usiku kucha nilitetemeka, mkono tumboni, nikikusubiri ucheze. Ukacheza alfajiri, nikalia.

Mwaka 2013 watafiti wa Zurich, Uswisi, walichapisha matokeo ya utafiti wao. Waliwachoma panya wenye mimba sindano ya kitu kinachoudanganya mwili kwamba umeingiliwa na virusi, kisha watoto wao walipokuwa wakibalehe wakawatia misukosuko. Yote mawili yalipokutana, madhara yalizidi ya jambo moja peke yake. Si lazima virusi vimfikie mtoto. Kinga ya mama yenyewe, ikiwaka, hutoa protini ziitwazo sitokini, nazo huweza kuuvuruga ubongo unaojengwa. Huenda seli za kinga za ubongo huo zikabaki nyepesi kushtuka, na msukosuko wa ujanani ukazikuta katika hali hiyo.

Lakini panya wale walipewa dozi iliyopimwa, siku iliyochaguliwa. Wanawake wengi huugua mafua wakiwa na mimba, na watoto wao walio wengi hukua vizuri. Hakuna daktari awezaye kuutazama usahaulifu wako akasema umetoka kwenye homa ile. Kwanza wakuangalie usingizi na damu. Mimba yenyewe huchosha kichwa, na upungufu wa damu pia.

Linalonikaa rohoni ni la pili, baba yako alipoondoka. Homa sikuichagua. Ila ule mwanga chini ya mlango wako saa tisa usiku niliuona, nikapita, nikijiambia unasoma. Nisamehe, mwanangu. Ulihitaji mtu aingie, aketi kitandani pako.

Ukipata homa sasa, usingoje kukuche kama nilivyongoja mimi. Nenda kliniki. Uulize na chanjo ya mafua, maana Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa wajawazito. Na huyo mtoto akifika umri ule, nami nikiwa hai, mlango wake nitaugonga.

Mama yako