Panzi mweusi anaruka, au panzi nyeusi inaruka?

SWALI: Naishi Nyegezi, Mwanza. Natunga mafumbo ya sataranji yenye kete na kanuni zisizo za kawaida, nayahakiki kwa programu ya Popeye, kisha nawapelekea wenzangu kwa Kiswahili. Nikiandika "panzi mweusi anaruka", mmoja wao hunisahihisha: ati iwe "panzi nyeusi inaruka", maana kete ni kipande cha mti, haina uhai. Tena sharti langu moja, yaani sentensi inayosema fumbo linataka nini, "Weupe wawalazimishe Weusi wawafunge kwa hatua 2" (kufunga ni kumtishia mfalme asiwe na namna ya kuokoka), wawili wamelielewa kinyume, ingawa kompyuta ililikubali fumbo lenyewe. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kwa panzi hujakosea. Kwa sharti, kosa lipo, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu hilo ndilo linaloharibu kazi yako.

Kwanza niwaeleze wasomaji wengine. Panzi ni kete aliyoianzisha Mwingereza T. R. Dawson mwaka 1913. Hupita njia zilezile za malkia, nyoofu au za mshazari, lakini hawezi kwenda mpaka awepo wa kurukwa, awe wake au wa adui. Akimruka hutua kwenye chumba (mraba wa ubao) kinachofuata papo hapo. Jina limeikaa vizuri kete hiyo.

Sasa upatanisho. Hoja ya mwenzako kwamba kisicho na uhai hakistahili "a-" haisimami. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi uwasikilize wauza samaki: sangara aliyekwisha kupasuliwa bado ni "sangara mkubwa", na sato waliokaangwa bado ni "sato hawa". Kufa hakukuwaondoa katika ngeli ya A-WA. (Dagaa ni kesi nyingine, wengi husema "dagaa hizi", lakini hao huhesabiwa kwa ndoo na gunia.) Sarufi yetu haipimi mapigo ya moyo.

Hata hivyo mwenzako ana ushahidi ambao hakuutaja, nami nautaja kwa haki yake. Kifaru wa mbugani "amekimbia", lakini kifaru cha jeshi "kimelipuliwa". Simba wa Serengeti "amemla" swala, lakini klabu ya Simba "imeshinda". Kumbe jina la mnyama likihamia kwenye kitu kingine, upatanisho unaweza kuhama nalo. Swali la kujiuliza, basi, ni hili: je, jina limehama kabisa? Anayetaja kifaru cha jeshi hamfikirii tena mnyama. Mchezaji wa sataranji hajafika huko. Kwake farasi anaruka, anakula, analiwa, anamtishia mfalme. Ubao mzima anausimulia kama vita vya watu na wanyama. Maadamu tunasimulia hivyo, A-WA ndiyo ngeli yake.

Kuna na sababu ya utendaji. Hakuna Mswahili atakayesema "mfalme nyeusi imekimbia". Ukishamwacha mfalme katika A-WA na kumtoa panzi, utaandika "panzi nyeusi inamkinga mfalme mweusi", na msomaji ataanza kujiuliza kama rangi hizo mbili ni moja. Ngome peke yake ibaki I-ZI, kwa sababu ngome ni jengo hata nje ya ubao: "malkia anaila ngome", "ngome inamtishia malkia". Ukitaka kuzungumzia vipande vyenyewe, tumia neno kete: "kete nyeusi zimebaki 5". Hata katika kanuni ya Circe, iliyotokea Ufaransa mwaka 1968, ambamo kinacholiwa hurudi kwenye chumba chake cha kuanzia kikiwa wazi, andika "kete iliyoliwa huzaliwa upya" unapoeleza kanuni, na "farasi aliyeliwa amezaliwa upya" unapoeleza suluhisho. Zote mbili ni sahihi. Kila moja na mahali pake.

Tuje kwenye sharti. Popeye haikusoma sentensi yako. Ulichoipa ni mpangilio wa kete na alama "s#2" (fumbo la kumlazimisha adui akufunge, hatua 2), nayo ikajaribu kila njia halali na kukuta ufumbuzi mmoja tu, kama ulivyokusudia. Fumbo ni zima. Sentensi ndiyo yenye majibu mawili, na kwa mtunzi wa mafumbo hiyo ni kasoro ileile ya fumbo lenye ufumbuzi wa pili ambao hakuutaka.

Angalia "wawafunge". "Wa-" ya kwanza ni ya mtenda, ya pili ni ya mtendwa, na pande zote mbili za ubao ni "wa-". Nani anamfunga nani? Wewe ulikusudia kwamba Weusi ndio watakaowafunga Weupe. Lakini Kiswahili kinaruhusu pia: Weupe wawalazimishe Weusi, ili Weupe wawafunge. Kwa kuwa ndivyo sataranji ya kawaida inavyokwenda, msomaji ataangukia huko bila kusita. Wenzako walisoma kama wasomaji wazuri.

Dawa ni mbili, zitumie pamoja. Badala ya "wawafunge" weka kitenzi-jina, kwa maana baada ya "lazimisha fulani" mtenda wa "ku-" ni yule fulani anayelazimishwa. Kisha mtaje mfalme kwa rangi yake. Andika: "Weupe waanze, wawalazimishe Weusi kumfunga mfalme mweupe katika hatua ya 2 ya Weusi, ingawa Weusi hawataki." Maneno hayo ya mwisho usiyafute, bila upinzani wa Weusi fumbo linakuwa la aina nyingine.

Na ukitunga lile la kushirikiana, yaani h#2, mtego ni uleule. Usiandike "Weusi wawasaidie Weupe kuwafunga", kwa sababu "kuwafunga" hapo hakuna anayejua ni akina nani. Andika: "Weusi waanze, washirikiane na Weupe hadi mfalme mweusi afungwe katika hatua ya 2 ya Weupe." Ile "ya Weupe" usiiache, kwani "kwa hatua 2" peke yake wengine watahesabu mbili kwa jumla, wakati fumbo lako lina nne, mbili kwa kila upande.