Tarumbeta la Keya Halisuguliwi: Majibu kwa Wasomaji

Babu alikuwa keya, askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza (KAR), akarudi kutoka Burma na tarumbeta la shaba lenye tundu. Nilisugue na nini ling'ae?
Usilisugue. Swali hili linarudi kila mara, na wengi huliuliza ndimu na majivu vikishafanya uharibifu. Ule weusi ndio umri wake. Ukisugua unafuta mhuri wa kiwanda na namba zilizogongwa karibu na mdomo wake, na bila hizo unabaki na shaba tupu. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, likunje kwenye shuka la pamba, liweke mbali na jiko. Na kama babu aliacha pia risasi nzima kisandukuni, usiziguse, waite polisi.

Nitajuaje tundu ni la risasi kweli?
Tazama kingo. Risasi ikiingia hukunja bati kwa ndani, ikitoka hulichana kwa nje. Duara safi lisilo na mkunjo ni kazi ya keekee.

Nauziwa tarumbeta "la vita vya Tanga, 1914". Lina mhuri wa Boosey & Hawkes.
Acha. Boosey na Hawkes zilikuwa kampuni mbili mpaka 1930.

Fundi yuko tayari kuziba tundu, tulipige harusini.
Mnyime. Harusi ikodi bendi. Mwaka 2015 msanii wa Kiskoti, Susan Philipsz, alileta Tate Britain, London, rekodi 14 za ala za Kiingereza na Kijerumani zilizoharibiwa vitani. Wapigaji walipuliza vipande vya Last Post, ule mlio wa maziko ya askari, na ala nyingine zilitoa pumzi tu. Pumzi ile inapita palepale palipopigwa. Fundi akishalehemu, mmebaki na tarumbeta bovu lenye kiraka.

Shangazi anasema halikuwa la vita, lilikuwa la ngoma ya beni.
Huenda anasema kweli. Vyama vya beni, Marini na Arinoti, viliiga bendi za jeshi kwa kila kitu, na matarumbeta yao yalibonyea pia. Mbona unaniuliza mimi wakati shangazi yu hai? Kaa naye wiki hii na simu ikirekodi: nani alilileta, lilitundikwa wapi, nani alilipiga mwisho. Tafuta cheti cha babu cha kuachishwa jeshi, unakili namba yake na batalioni. Viandike kwenye karatasi uiweke pamoja na tarumbeta. Usiandike juu ya shaba.