Amplifaya yako ni nzima, ugomvi ni kitasa cha sauti

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua CD ya bendi ya Kiingereza King Crimson, albamu ya Larks' Tongues in Aspic, kwa sababu napenda roki na nilitaka kujaribu kitu kigumu. Wimbo wa kwanza hausikiki mpaka nizungushe kitasa karibu mwisho, halafu ghafla unalipuka na spika zinakwaruza. Fundi wa mtaani anasema amplifaya imechoka, anataka kubadilisha transista. Mwenye duka la nyimbo naye ananishauri anitengenezee nakala "iliyopandishwa" kwenye flashi. Nimsikilize nani? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usimsikilize hata mmoja. Amplifaya yako ni nzima na diski haina kasoro. Ndivyo albamu hii ilivyorekodiwa London mwanzoni mwa 1973, na mimi nimechoka kuletewa vyombo vizima nivitibu ugonjwa wa muziki unaoanza kwa sauti ndogo.

Dakika kama tatu za mwanzo ni za Jamie Muir, mpiga midundo aliyeiacha bendi kabla hata albamu haijatoka. Kile kinachodondoka kama matone ni vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ndugu wa ilimba ya Wagogo, na pembeni yake kengele ndogo zinagongwa kwa mguso mwepesi. Kisha fidla ya David Cross inaanza noti fupi fupi za haraka, gitaa la Robert Fripp linavimba chini yake, na kuelekea dakika ya nne besi ya John Wetton na ngoma za Bill Bruford zinashuka kwa pamoja. Umbali kati ya tone lile na kishindo kile umepangwa. Ndio wimbo wenyewe.

Sasa tazama ulichokifanya kwenye kitasa. Tuseme kishindo kinauzidi mwanzo kwa desibeli 20, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Kila desibeli 10 zinadai nguvu mara kumi, kwa hiyo 20 ni mara mia. Ukishapandisha mpaka vyuma vile vikatumia wati moja, kishindo kinadai wati 100, na sabufa nyingi za sebuleni hazina wati hizo hata kama boksi limeandikwa elfu tatu. Amplifaya ikikosa pumzi inakata vilele vya mawimbi. Mkwaruzo unaousikia ni vilele vilivyokatwa, na ukiuacha uendelee, spika ndogo ya sauti kali ndiyo itakayoungua kwanza. Transista mpya haitabadilisha hesabu hiyo.

Kinachoniudhi zaidi ni ile nakala ya flashi. Watu wameaminishwa kwamba rekodi nzuri ni ile inayopiga kelele sawasawa tangu sekunde ya kwanza, kwa sababu redio na nyimbo nyingi za siku hizi zimebanwa hivyo. Anayekuuzia nakala "iliyopandishwa" haongezi kitu. Anavuta sehemu ndogo juu, na zile kubwa zikigonga dari anazikata. CD inabeba pengo la desibeli 96 hivi kati ya kimya na kilele, yeye anakuachia kipande chembamba tu cha hapo juu. Matone yanakuwa na ukubwa sawa na kishindo, kishindo hakishtui tena, na ukishabanwa hivyo hakuna programu itakayokurudishia. Kuna hata waliosikia sauti kali zinazopiga kelele mwishoni mwa The Talking Drum, wimbo wa tano wa albamu hii, wakaniomba nizichuje kama hitilafu. Ilimba yenyewe hutobolewa tundu likazibwa kwa utando wa buibui ili ivume. Je, fundi auondoe mvumo huo kwa kuwa nao ni hitilafu?

Fanya hivi. Zima ekwalaiza na kila kitufe cha kuongeza besi. Anza dakika ya nne, pale bendi yote inapopiga, weka sauti kiasi cha kukutosha bila kukwaruza. Rudi mwanzo na usiguse tena kitasa. Zima feni, subiri bodaboda zipungue, sogea karibu na spika. Mara ya kwanza utasikia machache, ni sawa. Usiuchezee wimbo huu kwenye daladala wala jikoni. Na usiruke wimbo wa tano, maana The Talking Drum nao unaanza karibu na kimya, unapanda dakika saba, na unaingia moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho bila nafasi katikati. Watakaokuambia uhesabu midundo kwa vidole waache kwanza. Ule wa mwisho unazunguka kwa tano badala ya nne, mguu wako utaizoea kabla ya kichwa.

Kwa hedifoni ndipo ninapoogopa kweli. Mtu akipandisha ili asikie matone, kishindo kinamkuta sikioni kabisa, hakuna spika ya kuungua kwa niaba yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba muda salama wa kusikiliza ni saa 40 kwa wiki kwa desibeli 80, na kwa desibeli 90 ni saa 4 tu kwa wiki. Vinywele vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Hata hivyo stendi zimejaa wauza matone ya mitishamba ya "kufungua masikio", na vijana wa studio wanayanunua wakati masikio yao yameshaanza kulia usiku. Matone hayafiki huko ndani. Masikio yakivuma baada ya muziki, pumzika. Yakivuma hadi kesho yake, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo upimwe usikivu. Hela aliyotaka fundi wa transista itakusaidia kwenye kipimo hicho.