Tramu ya bure Montpellier si ya kila mtu

Unauliza kama mgeni pia anapanda bure tramu ya Montpellier, mji wa kusini mwa Ufaransa, kama ulivyoambiwa? Hapana, mgeni analipa nauli kama kawaida. Montpellier tramu na mabasi ni bure tangu Desemba 2023, ila kwa wakazi wa jiji na vitongoji vyake tu, tena lazima uwe na pasi, ya kadi au ya kwenye simu. Mkaguzi akipanda huna, ni faini, hata kama kwako ni mtaa wa pili. Nadhani aliyekwambia "wote bure" amechanganya na Dunkerque, mji wa kule kaskazini mwa Ufaransa: huko tangu Septemba 2018 basi ni bure kwa yeyote, unapanda na kukaa, basi. Pesa nyingi za kuendesha usafiri huu wa bure hutoka kwenye kodi ya usafiri wanayotozwa waajiri wenye wafanyakazi 11 na kuendelea.