Mtoto harudishwi nyumbani kisa mchango
Ndugu umeuliza kama shule inaweza kumrudisha mtoto nyumbani kisa hujalipa mchango wa mlinzi. Hapana, mtoto wa shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania harudishwi, shule haina ada na tangu Januari 2016 michango ya lazima ilifutwa, ni hiari, waraka wa elimu namba 3 wa 2016 wa serikali unasema hivyo. Mi niko kwenye kamati ya shule huku Ujiji, Kigoma, mwaka juzi nilikuta katoto ka darasa la pili kamekaa nje ya geti daftari limelowa mvua, iliniuma sana, tukakarudisha darasani siku ileile. Ila hela ya uji wa watoto shuleni, wazazi mkikubaliana mkutanoni changeni tu, asiyenacho mtoto wake asiguswe, na mdai ibandikwe ubaoni hiyo hela imeingia sh ngapi imetumika wapi.