Ushauri wa kwenye simu kwa mama mwenye kichanga: mimi nilipita hapo, nikiwa Ngamiani

Dada mleta mada, umeandika kwamba mtoto ana miezi mitatu, unaishi kwa mama mkwe Makorora hapa Tanga, mume ni dereva wa masafa, unalia karibu kila siku na hutaki mtu wa mtaani ajue. Ukauliza: huu ushauri wa afya ya akili wa kwenye simu unasaidia kweli au ni kuliwa hela tu? Hapo juu wengi wamekujibu "sali" na "pumzika". Kusali nilisali. Kupumzika ndiko nilikokuwa nikikutafuta. Mimi ni jirani yako, Ngamiani, na nilipita hapo hapo ulipo, kwa hiyo nitaandika kwa urefu. Kama unanyonyesha, soma kwa vipande.

Unasaidia. Ila simu peke yake haikunitoa, na nitakuonyesha ilipoishia.

Siku zangu za arobaini nilikuwa kama malkia. Nilikandwa, nikanyweshwa uji wa pilipili manga, wageni wanaingia wanatoka, mtoto anapokezanwa mikono. Ya arobaini na moja nyumba ikawa tupu. Mume wangu mvuvi, alikuwa dago, kambi ya wavuvi ya mbali. Ndipo kilio kikaanza. Nesi alikuwa ameshanieleza kwamba machozi ya siku ya tatu, ya nne baada ya kujifungua ni ya kawaida na huisha ndani ya wiki mbili. Yangu yalianza wakati ya wenzangu yameshakauka.

Na ningemwambia nani? Ngamiani mitaa yetu ina namba, na ukikohoa barabara ya nane, barabara ya kumi wanakuletea asali. Mzazi akilia baada ya arobaini ana shetani, au hana shukrani. Mama mkwe, Mungu amjalie, aliniletea kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Nililinywa, sikulidharau, na nililala usiku mmoja. Usiku wa pili macho makavu.

Chanjo ya wiki ya 14, nesi wa kliniki akaniona namfunga mtoto mgongoni huku machozi yananidondoka bila mimi kuyajua. Hakusema neno mbele za watu. Aliandika namba ya simu kwenye kipande cha karatasi, akakichomeka ndani ya kadi ya kliniki. Ilikuwa ya mshauri nasaha wa kike, yuko Dar.

Nilimwandikia saa tisa usiku, kwa kidole gumba kimoja, mtoto yuko ziwani: "Samahani dada, mtoto akilala mimi silali." Basi. Maandishi yana raha moja ambayo watu wa kwenye ofisi hawaijui: ukuta hausikii. Wifi yangu alikuwa chumba cha pili. Video sikutumia hata siku moja, inakula bando, chumba cha ndani mtandao unakatika, na kusema kweli sikutaka anione nilivyokuwa.

Asubuhi alinitumia maswali 10. Dodoso hilo lina jina la mji wa Edinburgh, lilitungwa Uskochi na kina John Cox mwaka 1987. Unajibu ulivyojisikia kwa siku 7 zilizopita. Kila swali lina majibu manne, alama 0 hadi 3, kwa hiyo kujaa kwake ni 30. Halikwambii unaumwa nini, linakwambia kama ni wakati wa kuonana na mtaalamu. Kuanzia 10 wengi huangaliwa kwa karibu, 13 kwenda juu uwezekano wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ni mkubwa. Swali la mwisho linauliza kama umewaza kujidhuru, na hilo halingoji jumla. Ukijibu lolote zaidi ya "kamwe", unatafuta mtu siku hiyo hiyo.

Kuna swali la usingizi humo, nalo ndilo lililonishika. Haliulizi kama unakosa usingizi. Nani mwenye kichanga hakosi? Linauliza kama huzuni ndiyo inayokunyima. Mtoto kalala fofofo, nyumba kimya, wewe unahesabu mabati. Nilipata 17.

Sasa jambo ambalo sikumwambia hata mama yangu mzazi. Nilikuwa nikimwogesha mtoto, picha inanijia kwamba ameniponyoka kwenye beseni. Kila siku. Nikaanza kumpa mama mkwe amwogeshe kwa visingizio vya mgongo. Nilijua mimi ni mama mbaya, au nimeshakuwa kichaa. Mshauri akaniandikia kwamba mawazo ya namna hiyo huwapata wazazi wengi wasio na nia yoyote ya kudhuru, na kule kutishika kwangu ndiko kulikomwonyesha kuwa nayakataa. Akaniuliza mawili matatu: je, nasikia sauti zinazoniamuru? Je, nakesha siku kadhaa bila hata kuhisi uchovu? Je, naamini mtoto si wangu, au amebadilishwa? Nikajibu hapana, hapana, hapana. Akasema ingekuwa ndiyo, tusingeendelea kuandikiana. Hali hiyo ya kurukwa na akili baada ya kujifungua huwapata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na ni dharura. Kwa sisi wa Tanga maana yake ni hospitali ya Bombo, usiku huo huo, na mtu wa kukushika mkono, mtoto akiwa kwa mwingine. Simu haina kazi hapo.

(Najua neno linalotutisha. Tangu utoto tunatishiana "utapelekwa Lutindi". Nilikuja kujua ukubwani kwamba pale mlimani Korogwe pameanza kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, kabla ya kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Tangu hapo jina halinitishi tena.)

Hela: tuliongea kwa sauti mara nne, 20,000 kila mara, mengine yote kwa maandishi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida mpaka nikaona aibu kuilipia. Nikamate wazo linaloniumiza ("mtoto ananilia mimi tu, hanipendi"), nilitazame, nitafute lingine la kweli zaidi ("ananilia mimi kwa sababu ananijua"), halafu nifanye jambo moja dogo linalolingana nalo. Njia hii ilijaribiwa Pakistani na timu ya Atif Rahman, wakiwatumia wahudumu wa afya wa vijijini, si madaktari. Mtoto alipofika miezi 6, kwa waliofuatwa hivyo akina mama 23 katika 100 ndio walikuwa na sonona. Kwa wengine 53. Angalia lakini: wahudumu wale walikwenda majumbani, wakakaa mkekani na mama. Haikuwa simu. Hili mshauri mwenyewe ndiye aliyeniambia, kila wiki ananiuliza, "Na hapo nyumbani nani anajua?"

Kabla sijafika huko, kuhusu makundi. Niliingizwa kundi la WhatsApp la kina mama wenye vichanga. Saa tisa usiku unaandika "nani yuko macho" na watano wanaitika, hilo lina thamani yake. Ila wiki ya tatu akaja muuza majani ya kuongeza maziwa, akafuatiwa na bwana mmoja anayejiita mwanasaikolojia, aliyeniomba faragha jina la mama yangu ili aitazame nyota. Kwetu Tanga waganga hatuwakosi, sikuhitaji wa mtandaoni. Baya zaidi, sauti aliyoirekodi mwenzetu analia ilitumwa nje ya kundi ikamfikia wifi yake. Kwa hiyo ukiingia kundi lolote: jina la mtoto usitaje, mtaa usitaje, sauti usirekodi. Na yeyote akikwambia uache dawa za hospitali kwa sababu unanyonyesha, muulize yeye daktari wa wapi. Zipo ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia, daktari ndiye anayechagua.

Haya, nani anajua. Mume aliporudi kutoka dago nilikuwa nimeshajaribu mara mbili kumwambia kwa simu "sijisikii vizuri", naye kajibu "pole, kunywa Panadol". Simlaumu, maneno yangu ndiyo yalimpeleka huko. Safari hii nikamwambia namba. Nikasema nimepata 17 katika 30.

Akauliza, "Thelathini ndio kujaa?"

Nikamwambia ndiyo.

Akanyamaza kidogo. "Basi maji yameshapita nusu, na bado yanapanda."

Hakurudi dago mwezi ule. Alivua hapa hapa, asubuhi akitoka Deep Sea, wanakoshushia samaki, na harufu yake ya samaki anaoga, anamchukua mtoto, anamlaza kifuani, anafunga mlango wa chumba changu kwa nje ili mtu asiniamshe. Nikilala mpaka adhuhuri. Kuogesha tulianza kwa kushikana, yeye kichwa, mimi miguu. Wiki ya sita nilijaza tena maswali yale, nikapata 9.

Wako yuko njiani na lori, najua si sawa na wangu. Lakini hata dereva anaielewa geji. Maswali ninayo kwa Kiswahili, nakutumia faragha sasa hivi. Yajaze kabla hajapiga leo usiku, umpe namba.